Nimelipa bima kila mwezi, kumbe gari haina bima: nikane au nikiri?

Shikamoo shangazi,

Samahani barua ndefu, naandika saa 8 usiku nimetoka shifti na usingizi hauji, kwa hiyo nivumilie.

Nina miaka 31, kwetu Tanga, naishi Leicester na dada yangu, mume wake na watoto wao wawili, huu mwaka wa 4. Kazi yangu kea, ile ya kuzunguka majumbani kwa wazee, huyu unamwogesha, yule unampa dawa, unaingia kwenye gari unakwenda kwa mwingine, yaani bila gari kazi hiyo huna. Leseni ya hapa niliipata kwa taabu, nimeanguka mtihani mara 2, ya 3 ndo nikapita. Gari sina, natumia ya shemeji, ile ndogo, maana yeye anashinda kwenye lori la kazini. Tukakubaliana aniingize jina kwenye bima yake na mi nimpe pauni 60 kila mwezi. Akaniingiza kweli. Cheti nimekiona kwa macho yangu kwenye simu yake mwezi wa 3, jina langu lipo chini ya lake, bima ya mwaka mzima. Na kila tarehe 1 namtumia 60 yake na kwenye benki naandika kabisa "bima". Sijachelewa hata mwezi mmoja.

Sasa Jumamosi moja mwezi wa 9 tumetoka harusini, mi ndo naendesha, nyuma watoto wa dada na bibi mmoja jirani tumempa lifti, mara naona taa za bluu. Polisi akauliza gari ya nani, nikamwambia ya shemeji, akasema kamera yao imesoma namba na gari haina bima. Shangazi, nilicheka! Nikamwambia hapana wewe umekosea, bima ipo, mi mwenyewe nailipia. Nikampigia shemeji hapokei, napiga tena hapokei. Gari ikapakiwa ikaondoka, sisi tumesimama kando ya barabara na madera yetu na hotipoti la pilau, bibi wa watu anatetemeka kwa baridi. Ile aibu sijaisahau mpaka leo.

Nyumbani ndo ukweli ukatoka. Ovataimu za shemeji zilikatwa, makato ya bima yakarudi benki mara 2, kampuni ya bima wakamwandikia imeili wee, mwezi wa 7 wakaifuta. ALIKUWA ANAJUA. Anasema alitaka kurekebisha mwezi unaofuata, na ule unaofuata, na 60 zangu alikuwa analipia umeme. Na mi siku zote hizo naendesha.

Ikaja barua ya kwanza, lipa pauni 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni. Dada akasema usilipe, ukilipa umekiri. Nikaiacha. Sasa wiki iliyopita imekuja nyingine, bahasha nene, notisi ya mahakama, nijibu ndani ya siku 21 kama nakiri au nakana. Leseni yangu siku ile ilikuwa na miezi 14 tu na nimesikia pointi 6 kabla ya miaka 2 leseni inafutwa. Nikikosa leseni nakosa kazi.

Kila mtu ana lake. Mama mmoja wa msikitini, mtu mzima ninayemheshimu, kaniambia mwanangu amali ni kwa nia, wewe hukukusudia, kane. Mwenzangu wa kazini anasema kiri kwenye mtandao umalize. Shemeji ndo kaniacha hoi, anataka niandike kwamba nilichukua ufunguo bila yeye kujua, eti hivyo yeye hataingizwa, maana ana pointi 6 tayari na lori ndo ugali wa nyumba nzima. Dada analia, anasema nisimuumbue mumewe.

Hivi shangazi mtu anakuwaje mhalifu wa kitu asichokijua na amekilipia? Nifanyeje?

Mlipa Bima, Leicester

---

Marahaba mwanangu, na pole sana, hasa kwa ile hotipoti barabarani.

Kwanza ujue unaongea na nani. Mi si wakili. Nimekuwa mkalimani kwenye mahakama za mahakimu hapa Uingereza kwa miaka mingi, nimesimama pembeni ya Waswahili wenzetu wengi tu, na neno nililolitafsiri kuliko yote ni "sikujua". Wengine waongo, nikiri, lakini wengi walikuwa wanasema kweli kama wewe. Na hakimu anatikisa kichwa kwa huruma kabisa, halafu anamtia mtu hatiani. Mara ya kwanza kuona hivyo nilidhani nimetafsiri vibaya.

Mama wa msikitini hajakosea, ila anaongelea mahakama nyingine. Na hata sheria ya hapa kwa makosa mengi inauliza nia kwanza. Ukitoka mgahawani na mwavuli wa mtu ukidhani ni wako, hujaiba, kwa sababu wizi unataka moyo wa wizi. Lakini lipo kundi la makosa ambayo Bunge limeyaandika kwa namna kwamba mahakama haiingii moyoni mwako kabisa, inatazama kitendo tu, kimefanyika au hakikufanyika. Kuendesha bila bima ni kosa la kundi hilo, kifungu cha 143 cha sheria ya barabara ya mwaka 1988. Maswali ni haya tu: uliendesha? Ilikuwa barabarani? Safari hiyo ilikuwa na bima? Hakuna swali la nne linalosema "ulijua?"

Ili uone hawakukuonea wewe peke yako ngoja nikusimulie mkasa wa njegere. Kampuni moja ya kusindika vyakula, Smedleys, ilitengeneza msimu mmoja makopo milioni 3 na nusu ya njegere, na katika yote hayo malalamiko ya uchafu yalikuja 4. Kopo moja mama mmoja alilifungua akakuta kiwavi, kijani kama njegere, ukubwa wa njegere, uzito wa njegere, na tena kimeshachemshwa hakina madhara yoyote. Mashine zilishindwa kukitoa, macho ya wakaguzi yakashindwa kukiona, na hakuna aliyesema kampuni ilizembea. Wakashtakiwa, wakapigana mpaka mahakama ya juu kabisa nchini, mwaka 1974, wakashindwa. Kiwavi kimoja, mwanangu, kwa makopo milioni 3 na nusu.

Mwaka 1999 ikawa zamu ya wenye duka la magazeti huko Harrow, mfanyakazi wao alimuuzia mtoto wa miaka 13 tiketi ya bahati nasibu akidhani ameshafika 16. Matajiri walishaweka matangazo dukani, walishawaonya wafanyakazi, na tiketi hawakuiuza wao, bado wakakutwa na hatia. Na kuna wauza dawa mwaka 1986 waliopewa karatasi za daktari za kughushi, zimeghushiwa vizuri mtu huwezi kujua, wakatoa dawa, hatia. Ukisoma hizi kesi unajiuliza hivi majaji walikuwa wamenuna au vipi.

Ila hawaendi hivyo kila mahali. Mwaka 1969 kulikuwa na mwalimu wa kike aliyekodisha nyumba shambani karibu na Oxford, yeye haishi pale, wapangaji wakavuta bangi, akatiwa hatiani kwa kusimamia nyumba ya bangi. Mahakama ya juu ikafuta hukumu, ikasema Bunge likinyamaza kuhusu nia basi tuchukulie nia inatakiwa, na hasa kosa linalompaka mtu matope kweli. Makosa wanayoyaachia bila nia mara nyingi ni ya usalama wa watu, chakula, dawa, mito isichafuliwe, barabara. Bima ya gari ni lazima hapa tangu sheria ya mwaka 1930, na sababu ni yule utakayemgonga. Akivunjika miguu hajali kama ulijua au hukujua, anataka alipwe. Mi binafsi naona ni ukali, lakini kwenye bima naelewa walikuwa wanamfikiria nani.

Na hapa sisi tunajikwaa kwa sababu ya tulikotoka. Nyumbani tulizoea stika kwenye kioo, unaitazama, bima ipo, mwenye gari kakupa ufunguo, twende. Hapa hakuna stika. Bima inafuata jina lako na matumizi yako, na rejista yake iko kwenye kompyuta ambayo kamera ya polisi inaisoma kabla wewe hujapiga honi.

Haya, tuje kwenye notisi yako. Ukikana kwa hoja ya "sikujua" unashindwa, tena unapoteza na punguzo la faini. Kuna kinga moja ya sikujua kwa mwajiriwa anayeendesha gari ambalo si lake, hakulikodi wala hakuliazima kwa mkataba, yuko kazini na hana sababu ya kushuku bima, lakini wewe ulikuwa unatoka harusini kwa hiyo hiyo haikuhusu. Mwenzako wa kazini naye usimfuate. Ukikiri kwenye mtandao ukafunga, hakimu mmoja anakaa na mshauri wake wa sheria na karatasi zako, hakuna mtu mwingine chumbani, dakika chache tu, pointi zisizopungua 6, kwaheri leseni. DVLA, yaani wale wa leseni, wakiletewa pointi 6 za kosa lililofanyika ndani ya miaka 2 ya kwanza hawakuiti kukusikiliza, wanaifuta tu, unaanza na provishino, yaani leseni ya mwanafunzi, mtihani wa nadharia na wa barabarani upya.

Njia yako iko katikati, na watu wengi hawaijui. Inaitwa sababu maalumu. Unakiri kosa, kwa kuwa kweli limefanyika, lakini unaiambia mahakama kuna jambo kuhusu kosa lenyewe linalofanya pointi zisistahili. Mahakama ikikubali inaweza kuacha kukuwekea pointi kabisa. Hatia inabaki, faini inaweza kubaki au kupungua sana, ila pointi zikiwa 0 leseni haiguswi. Kwa hiyo kwenye ile fomu usiweke alama kwenye "nakiri, amueni bila mimi", weka kwenye nakiri na nataka kufika mahakamani, na pale pa maelezo andika wazi kwamba unaomba kusikilizwa kuhusu sababu maalumu za kutowekewa pointi. Jaza na ile fomu ya kipato chako, watu wanaiacha tupu halafu faini inapigwa kwa kukisia. Kumbe dada yako alikuokoa bila kujua, ungelipa zile 300 pointi 6 zingeingia na hakuna wa kukusikiliza.

Sasa sikia vizuri hapa maana ndipo watu wanapoharibu. Sababu maalumu lazima ihusu kosa, isihusu maisha yako. Tangu kesi moja ya mwaka 1946 mahakama zinasema hivyo hivyo: nitapoteza kazi, wazee wangu watakosa wa kuwaogesha, mama Tanga anategemea hela yangu, vyote hivyo kwenye suala hili havihesabiki. Nimewahi kumtafsiria baba mmoja aliyelia dakika 10 kuhusu watoto wake, kila neno kweli, na hakimu akamwambia kwa upole kwamba hajasema chochote anachoweza kukitumia. Roho iliniuma. Wewe ukisimama usianze na kazi, anza na cheti.

Kwa sababu kinachohesabika ni kupotoshwa, na imani yenye msingi. Mwaka mmoja baadaye, 1947, ikaamuliwa kwamba kuamini tu kwa moyo safi hakutoshi, uwe na sababu za maana za kuamini. Na mwanangu wewe unazo, hata hujui ulivyo tajiri. Jina lako kwenye cheti cha mwaka mzima. Pauni 60 kila tarehe 1 na neno "bima" kwenye benki, hiyo chapisha miezi yote, ya kabla ya mwezi wa 7 na ya baada, maana ya baada ndo inaonyesha ulikuwa bado unaamini, hakuna mtu anayelipia bima anayojua imekufa. Imeili za kampuni zilizokwenda kwa shemeji peke yake zikionyesha tarehe ya kufutwa. Meseji zenu za WhatsApp za usiku ule na kesho yake, usifute hata moja, hata zile ulizomtukana. Mzigo wa kuthibitisha ni wako, utakula kiapo, utaulizwa maswali. Mwendesha mashtaka atakuuliza kwa nini hukuangalia tena toka mwezi wa 3. Jibu ukweli, kwamba cheti kilikuwa cha mwaka na mtu aliyekuwa anapokea hela yako kila mwezi hakukwambia. Sikuahidi utashinda, hata wakikubali sababu ipo bado ni hiari yao kuacha pointi, lakini nimeona watu wameshinda na ushahidi mwembamba kuliko huu.

Kama Kiingereza chako kinakwama ukiwa na wasiwasi andika kwenye fomu unataka mkalimani wa Kiswahili, ni bure, usione haya, hata wenye digrii wakipanda pale ulimi unakuwa mzito.

Sasa shemeji. Hapa nitasema kama mtu mzima wa familia na uniwie radhi. Alichokuomba hakikusaidii hata senti. Ukisema ulichukua gari bila ruhusa, kosa la bima liko palepale, ulikuwa barabarani huna bima, halafu umejiongezea kosa jingine la kuchukua gari la mtu bila ridhaa, sheria ya wizi ya mwaka 1968, hilo lina kifungo mpaka miezi 6. Na ile sababu maalumu yako yote imeungua, maana umeshasema huna ruhusa. Kutoka kwenye kosa lisilouliza nia unahamia mwenyewe kwenye makosa ya nia, ya uongo, na mwajiri wa kea akitafuta rekodi yako hilo haliwezi kuonekana zuri hata kidogo. Kama una viza jambo hilo ndo usiliguse kabisa.

Na kudanganya kuhusu pointi watu wamefungwa, wala si wadogo. Chris Huhne alikuwa waziri wa nchi hii. Mwaka 2003 gari lake lilipigwa picha kwa spidi, mke wake Vicky Pryce akazichukua pointi 3 kwa niaba yake. Ndoa ikavunjika, siri ikatoka, mwaka 2013 wote wawili wakahukumiwa miezi 8 jela. Kwa pointi 3! Kosa la mwanzo lilikuwa la faini na pointi tu.

Lakini namwelewa anaogopa nini, na usijidanganye hofu yake ni ya bure. Kumruhusu mtu aendeshe gari lako bila bima ni kosa lilelile kwa adhabu ileile, tena yeye alijua. Ana 6, wakimwongezea 6 zinakuwa 12, na 12 ndani ya miaka 3 maana yake kufungiwa kuendesha angalau miezi 6, lori limeegeshwa. Tofauti ni kwamba kwenye zile 12 yeye anaruhusiwa kueleza shida kubwa isiyo ya kawaida itakayoipata familia, yaani machozi ambayo wewe hayakusaidii yeye yanaweza kumsaidia. Kwa hiyo mwambie atafute wakili WAKE, asitumie wako, kabla hajaandika wala kusema chochote. Asije mahakamani kukutolea ushahidi bila kuongea na wakili kwanza, na wewe usimlazimishe, makaratasi yako yanaweza kusimama bila yeye. Lakini ukiulizwa kwenye kiapo nani alikwambia bima ipo, utamtaja.

Dada yako mwambie hivi, hujamuumbua mtu. Bima ilikatika mwezi wa 7 na wewe ulijua mwezi wa 9, barabarani, na watoto WAKE wako nyuma. Ungemgonga mtu siku ile tungekuwa tunaongea barua nyingine kabisa.

Kuna jambo hukuniuliza na ndilo lililonifanya niisome barua yako mara 2. Umesema gari hiyo unazungukia wazee. Kitafute kile cheti cha mwezi wa 3 ukisome pale palipoandikwa matumizi. Vyeti vingi vya familia vinaruhusu shughuli za nyumbani, starehe, na kwenda kazini sehemu moja na kurudi. Kutoka kwa mzee huyu kwenda kwa mzee yule hiyo kwao ni biashara, inaombwa kivyake, na kampuni inaongeza hela. Kama haikuombwa basi hata bima ilipokuwa hai, Jumatatu mpaka Ijumaa ulikuwa unaendesha bila bima kwa safari zile, na hukujua, na tumeshaona sikujua inafika wapi. Shitaka lako ni la Jumamosi ya harusi, safari ya starehe, kwa hiyo cheti kingekuhusu. Ila mwoneshe wakili cheti chote, siyo ule ukurasa wenye jina lako tu, asije akashtukizwa na swali hilo mbele ya hakimu. Makea wangapi Leicester wanaendesha hivi sasa hivi na hawajasoma hicho kimstari, nikiwaza naumwa kichwa.

Wakili kwa makosa haya serikali kwa kawaida hailipi, na yule wa zamu pale mahakamani kazi yake ni watu wenye makosa ya kifungo au walio mahabusu. Lakini mawakili wa barabara wengi wanakusikiliza simu ya kwanza bure, piga kwa 2 au 3, waambie sentensi moja: kifungu cha 143, dereva mpya, jina kwenye cheti, mwenye gari alificha bima imefutwa, naomba sababu maalumu. Anayekwambia "kana tu" bila kukuuliza kingine, kata simu. Faini ikija kawaida inaanzia kwenye mshahara wa wiki moja na nusu, ukikiri mapema inapungua theluthi, halafu wanapachika tozo ya wahanga na gharama za kesi, unaweza kuomba ulipe kidogo kidogo.

Mpaka hapo hukumu haijatoka leseni yako iko hai, unaweza kuendesha, ila gari yenye bima yenye jina lako na kazi yako ndani yake, na uhakikishe mwenyewe na kampuni, usihakikishiwe na mtu sebuleni. Hizo siku 21 zinakwenda, umeshatumia zaidi ya wiki. Ukizipitisha wanaweza kukutia hatiani bila wewe kuwepo. Jaza kabla ya Ijumaa, piga picha kila ukurasa.

Na ile 60 ya tarehe 1 inayokuja, usimtumie.